Mashuka ya Wodi ya Wazazi

Huko Kanyenye, akina mama watano walishona mashuka mpaka kabati likagoma kufungika. Wateja hakuna. Siku moja Gaudensia, mkubwa wao, aliona gari likishusha marobota ya mashuka kituo cha afya. Yametoka Dar es Salaam.

"Mashuka yamesafiri kuliko mimi," alisema.

Levina alikata uzi kwa meno. "Dada, mimi nauza cherehani yangu. Nitafuga kuku."

"Huuzi. Nipe shuka moja."

Alichagua zuri kuliko yote. Lina marinda, maua mekundu, na maneno yaliyodariziwa: Lala Unono Mpenzi. Akalipeleka manispaa, kwa Raymundi, afisa maendeleo ya jamii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeleta shuka la wodi ya wazazi."

Raymundi alisoma, akafuta miwani, akasoma tena. "Wodi ya wazazi, mama? Na maneno haya?"

"Si ndiyo yaliyowafikisha huko?"

Raymundi alicheka mpaka akakaa. Kisha akaeleza. "Manispaa hutangaza inachotaka: kitambaa gani, rangi gani, urefu gani. Ukileta kingine, hata kipendeze vipi, unakosa."

"Na sisi wadogo tutashindana na makampuni?"

"Hapana. Sheria inataka asilimia thelathini ya manunuzi itengwe kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Lakini kikundi kisajiliwe, kiwe na akaunti ya benki, kiingie kwenye mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Nyie mmesajiliwa?"

"Tunajuana sisi kwa sisi."

"Manispaa haiwajui, mama."

"Nayo inapata faida gani kununua kwetu?"

"Shuka likifumuka, fundi yuko jirani. Nanyi mtanunua kitambaa hapahapa, duka la Zabibu, Zabibu atanunua mchele sokoni. Fedha inabaki mjini."

Gaudensia alirudi na fomu. "Levina, usiuze bado, nipe mwezi mmoja," alisema. Wakaandika katiba, wakafungua akaunti, wakasajiliwa. Raymundi akawaonyesha namna ya kuingia mtandaoni. Zabuni ilipotangazwa, mashuka meupe mia moja ya wodi ya wazazi, Gaudensia alisoma vipimo mara tatu.

"Tutie ua dogo tu pembeni," Levina alibembeleza.

"Hata jani."

Wakaomba, wakapata. Siku ya kukabidhi, wakaguzi walipima kila shuka kwa futi. Manne yalikuwa mafupi.

"Wanapima kama wanachagua mchumba," Levina alinung'unika.

"Wana haki," Gaudensia alisema. Akashona mengine manne siku hiyohiyo.

Malipo yalipoingia benki, Levina hakuuza kitu. Aliongeza cherehani ya pili, na jirani yake Paskazia akapata kazi. Wiki hiyo walikwenda wodini kumwona mzazi mmoja. Kichanga chake, kimelazwa juu ya shuka jeupe, kilikojoa papo hapo.

"Jamani, shuka langu," Levina alisema.

"Mwache," Gaudensia akamjibu. "Mteja anajaribu kitambaa."