Zamu ya Upepo

Fss. Kimya kidogo. Fss.

Nyanzobe alifumbua macho gizani. Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayepuliza uji wa moto, nayo ilitoka sebuleni. Alinyata hadi mlangoni, akachungulia. Mwasiti, mwanariadha mkongwe aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alikuwa amechuchumaa kando ya baiskeli. Haikuwa baiskeli yake. Ilikuwa ya Nyanzobe. Alikuwa akiyatoa magurudumu upepo kidogo kidogo, huku akiyabonyeza kwa kidole gumba kama mama anayechagua parachichi sokoni.

Nyanzobe alirudi kitandani. Hata angetaka kuuliza, sheria ilimfunga mdomo.

Mwanza ya miaka hiyo ilikuwa imejaa mashine za ajabu. Nyumba za vioo ziliota katikati ya mawe makubwa, na barabara ilielea juu ya ziwa kama mkeka. Lakini mashine iliyopendwa kuliko zote na watu wa michezo ilikuwa ndogo, saizi ya kiberiti, nayo ilifungwa kwenye usukani wa baiskeli. Iliitwa mgawaupepo.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya hatua tatu: kuogelea, kuendesha baiskeli, kisha kukimbia. Wanariadha wa daraja la juu waliruhusiwa kuendesha mgongoni mwa wenzao. Anayetangulia huupasua upepo kwa kifua chake, na anayemfuata hupata nafuu. Zamani walipokezana wenyewe. Wengine wakawa wavivu wa kutangulia, wengine wakala njama, ugomvi haukuisha. Ndipo wahandisi wakaunda mgawaupepo. Ulipima nguvu za miguu ya kila mmoja na mapigo ya moyo wake, ukagawa zamu. Taa ya kijani, nenda mbele. Taa ya njano, rudi nyuma. Aliyekaidi alifutwa. Na ili njama zikome kabisa, tangu jioni ya kuamkia mashindano ilikuwa marufuku washindani kusemezana habari za mbio, wala kugusa vyombo vya wenzao. Mashine zilisikiliza.

Tangu hapo hakuna aliyedhulumiwa upepo. Wala hakuna aliyesalimiwa.

Nyanzobe alikuwa mgeni katika daraja hilo. Alikotoka, kufuata mgongo wa mtu lilikuwa kosa, kwa hiyo alijifunza kuendesha peke yake, upepo wote wake. Siku hiyo ilimlazimu aingie kumi bora. Akikosa, angerudishwa alikotoka, na nafasi yake ingepewa mwingine.

Kulipokucha Mwasiti alimwekea chai mezani, akafunika kikombe kwa kisahani isipoe. Nyanzobe hakuigusa.

Ufukweni alimsimulia kocha wake, Lutego, aliyoyaona. Lutego alikuwa mtu wa kuhesabu maadui kabla ya kuhesabu marafiki. Alijaza magurudumu upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe, kisha akamwinamia sikioni.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Huyo bibi nafasi yake inayumba, na wewe ndiye unayempumulia kisogoni. Usikae nyuma yake hata kidogo."

Akamshauri asimshtaki kwanza, wamwone atafika wapi.

Kipenga kilipolia, wanawake walijitupa ziwani. Nyanzobe aliogelea vizuri, akatoka majini na kundi la kwanza, akarukia baiskeli. Wakaingia barabara inayoelea, magurudumu yakikaribiana kiasi cha kiganja. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mtu alitazama taa yake. Mabega ya Nyanzobe yalipanda hadi masikioni kwa hofu, nayo mashine, iliyopima miguu na moyo, ilisoma miguu yenye nguvu na moyo unaokwenda kasi kama mioyo mingine yote.

Taa yake ikawaka kijani. Kabla hajasogea, Mwasiti alimpita kushoto, akaingia mbele badala yake.

Nyanzobe alishtuka. Anataka nifutwe kwa kukwepa zamu, alijiambia. Baadaye taa ikawaka tena, na Mwasiti akafanya vilevile. Alipokwisha kutangulia, alishusha mabega yake polepole, akayatikisa, kama anayemwonyesha mtoto jambo. Nyanzobe aliona anamcheza shere.

Mvua ikaanza. Mwanzoni matone machache, kisha barabara yote ikang'aa kama sahani iliyooshwa. Mbele kulikuwa na kona kali. Mwasiti alipunguza mwendo, akaikata kona kwa upana, njia salama ambayo kila aliyemfuata angepita bila shida. Lakini Nyanzobe alikuwa ameapa kutokaa mgongoni mwake. Alichomoka, akaingia upande wa ndani.

Gurudumu gumu halikushika. Liliteleza likamsukuma nje, moja kwa moja ubavuni mwa Mwasiti, na nyuma yao kundi zima likija kasi. Mwasiti aligeuza kichwa. Kama angeshikilia njia yake, Nyanzobe angegonga na kuanguka chini ya magurudumu ya watu. Hakuishikilia. Alivuta usukani kwenda nje, akamwachia barabara. Nyanzobe aliyumba, akakaa sawa. Nyuma yake alisikia chuma kikigonga ukingo.

Hakusimama. Alikimbia hatua ya mwisho machozi na mvua vikichanganyika, akamaliza wa tisa.

Lutego alimkumbatia akicheka, akasema aliyechimba kisima kaingia mwenyewe. Kwenye ubao mkubwa jina la Mwasiti lilikuwa limefutwa, na chini yake maneno: amechukua zamu zisizo zake. Watu walisoma, wakaguna, wakaondoka.

Kigari kisicho na dereva kilipita kikiwa kimebeba baiskeli iliyopondeka. Nyanzobe alikifuata. Gurudumu la nyuma lilikuwa zima. Alilibonyeza kwa kidole gumba. Lilikuwa laini, laini vilevile kama Mwasiti alivyoyaacha ya Nyanzobe alfajiri ile. Mtu hajitegi mwenyewe.

Hospitalini, muuguzi wa chuma alimwonyesha kitanda bila kuuliza yeye ni nani. Mwasiti alikuwa amelala chali, nyonga imefungwa. Alisema madaktari wamemwambia atatembea, ila baiskeli basi.

Nyanzobe alibaki wima. Shaka haimtoki mtu kwa siku moja.

"Dada Mwasiti, ulitaka nini kwangu?"

"Nilitaka ufike."

"Na magurudumu?"

"Usiku goti langu liliuma, nikajua mvua inakuja. Gurudumu gumu na maji havipatani. Kukuambia, marufuku. Kukugusia baiskeli, marufuku pia, lakini hiyo haina sauti."

Alicheka kidogo, nyonga ikamkatisha.

"Ungeniacha nitangulie zamu zangu. Wamekufuta."

"Mabega yako yalikuwa masikioni, mdogo wangu. Mashine inajua mguu, haijui bega. Sisi zamani tulitazamana mabega. Ukimwona mwenzako kaogopa, unampitia mbele, akipoa na yeye atakupitia. Siku hizi nikimtazama mtu anadhani namwibia."

Nyanzobe alikaa ukingoni mwa kitanda. Alieleza yote: alivyochungulia, chai aliyoiacha, kiapo chake na kona ile. Alisema atakwenda kwa wakuu wa mashindano aseme ukweli, hata wakimwondoa. Mwasiti hakumzuia, wala hakumsifu. Alimwomba tu amwinulie mto.

Alipomwinulia, aliuliza nani mwingine amekuja kumwona. Mwasiti alisema muuguzi wa chuma anamgeuza vizuri sana, haumizi. Kuhusu watu hakusema.

Jioni ilipoingia, taa ya mlango ikawaka njano kuashiria wageni watoke. Nyanzobe aliinuka. Mwasiti alimshika kidole kimoja, akakiachia, akageuza uso ukutani.

"Kesho njoo tena," alisema. "Hata kama huna la kusema, njoo."