Kumbukumbu ya Sisi Wote

Wanaosema majini ni wa usiku waje Kasongo, waulize habari za Clovis. Kwake jini aliingia mchana, jua la utosini, majirani wakisonga ugali. Na dalili ya kwanza ilikuwa ya kufurahisha: mashine ilipoa.

Clovis alikuwa na chumba cha michezo karibu na soko: bati juu, mabenchi mawili, panneau ya jua ya kuleta umeme, na kompyuta moja ya kubeba, nyeusi, pana, iliyoundwa kwa ajili ya michezo. Humo vijana walicheza mpira wa kwenye kioo kuanzia asubuhi. Chumba hicho ndicho kilichomlisha Clovis, mkewe Emilienne, na binti yao Aimée ambaye ndiyo kwanza ameanza shule. Lakini mashine ilikuwa imechoka. Ilichoma mapaja, feni yake ilikohoa, wachezaji waliganda mbele ya goli tupu, na vijana walitoka wakimtukana Clovis utadhani yeye ndiye aliyekosa goli.

Placide, fundi wa mashine, alimwambia wazi. "Iuze vipande, utafute ingine. Muzee hawamuongezeye meno."

"Hata miye namwambia hivyo," Emilienne akasema.

"Nyinyi kazi yenu kutupa vitu," Clovis akajibu. "Ingine itatoka wapi? Miye naongeza mémoire tu. Mutaona itakavyokimbia."

Mémoire, kwa asiyejua, ni kibao chembamba kinachochomekwa ndani. Ndiyo kumbukumbu ya mashine. Ikiwa nyingi, mashine hufanya mengi bila kuganda. Na Clovis, kichwa ngumu yule, ukimwambia kitu kimekufa ndipo anapoanza kukibembeleza. Alipata kibao kilichokwisha kutumika, kimetolewa ndani ya mashine ya mtu asiyemjua, kikaletwa na mchuuzi wa njia ya Kabambare. Placide alikishika, akakipeleka puani.

"Kinanuka udongo wa shimo."

"Weye unanusa kila kitu sawa imbwa. Weka!"

Placide akaweka, akafunga mfuniko. Kioo kiliwaka, kikazimika, kikabaki cheusi. Kisha ikatoka sauti ya mwanamume, sauti ya upole, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Kumbukumbu hii ni ya nani?"

Placide aliruka nyuma. Clovis akacheka, alidhani ni maswali ya mashine kabla ya kuanza kazi, maana mashine za siku hizi zinauliza kila kitu. Akajibu alivyozoea kujibu.

"Ni ya sisi wote."

Tusimcheke jamani. Kwetu mtu wa kusema "yangu, yangu" anaonekana mchoyo. Kapera analala peke yake na panya, lakini ukimuuliza anakokaa atakwambia "kwetu". Ungemuuliza Clovis shati alilovaa ni la nani, angesema letu. Ni adabu, basi.

"Asanti," sauti ikasema, na mashine ikawaka.

Tangu hapo ilikimbia! Haikukohoa, haikuganda, na chini yake pale palipokuwa pakichoma palikuwa baridi, jua liwe kali namna gani. Chumba kilinuka udongo mbichi, lakini vijana wa mpira watajali harufu? Walijaa mpaka mlangoni. Clovis alimtambia Placide sokoni mbele za watu. Placide akashika njia yake, akaacha kukanyaga pale.

Siku moja Emilienne alimtuma Aimée kuomba chumvi kwa jirani, njia aliyoipita tangu alipojua kutembea. Mtoto alipokawia alimfuata, akamkuta amesimama katikati ya njia, kikombe mkononi, machozi yanamtoka.

"Sijui kwetu ni wapi," mtoto akasema.

Mama mtu alimshika paji la uso, hakuna homa. Akampeleka kupimwa damu, hakuna malaria. Asubuhi iliyofuata Aimée alianza sala ya Baba Yetu, akakwama kwenye neno la pili, akabaki akimtazama mama yake. Halafu akasahau kuandika jina lake. Emilienne hakupata usingizi tena. Kila kukicha mtoto alikuwa amepungua kitu, na yeye hajui akitafute wapi.

Alikuja kujua adhuhuri moja, akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya chumba. Ndani vijana walikuwa wakicheza, na ule umati wa uwongo wa ndani ya mchezo ulikuwa ukipiga makelele yake ya kila siku, halafu makelele yakashuka, yakawa wimbo, na mchi ukamkwama Emilienne mikononi, kwa sababu wimbo ule aliutunga mwenyewe akimbembeleza Aimée, wimbo wa kipuuzi wa kuku aliyepoteza kiatu, hakuwahi kumwimbia mtu mwingine duniani, na sasa maelfu ya wanaume wasiokuwapo waliuimba neno kwa neno, polepole, kuku na kiatu chake, huku vijana wakitoka mmoja mmoja bila kumaliza mchezo na bila kutazamana.

Emilienne aliingia ndani na mchi mkononi.

"Papa Aimée, tosha ile kitu, ing'oe mule ndani. Sasa hivi."

"Polepole, vijana watasikia," Clovis akanong'ona. Naye aliogopa, tusimsingizie. "Ngoja kwanza. Tukiitosha, mashine itarudi kuganda. Tutakula nini?"

"Utakula mutoto wako! Ndiye unayemula!"

Hapo Aimée akatokea mlangoni. Alimtazama mama yake kwa heshima, namna alivyofundishwa kuwatazama wageni.

"Jambo, mama," akasema. "Natafuta mama yangu. Hukumuona?"

Emilienne alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Clovis aliipindua mashine, akang'oa mfuniko, akachomoa kile kibao kwa vidole, akakitupa chini. Mashine haikuzimika. Akaokota nyundo, akainyanyua.

"Papa, usipige!" ikalia sauti ya Aimée kutoka ndani. "Miye niko humu!"

Na Aimée yupo pale mlangoni, mdomo ameufumba.

Alfajiri ya kesho yake wakashika njia ya Kabambare, Clovis kwenye usukani wa pikipiki, mtoto katikati, Emilienne nyuma amebeba mashine ndani ya kikwembe, kitambaa chake cha kujifunga, kibao kimerudishwa kwa kuogopa kukiacha. Walikuwa wanakwenda kwa Mwalimu Musafiri, mzee anayefundisha watoto Kurani. Wakristo humwendea kwa mlango wa nyuma, halafu Jumapili wanamsema. Emilienne, mtu wa kwaya, alipita mlango wa mbele.

Mwalimu aliisomea mashine kwa muda mrefu, akanyunyiza maji kuizunguka. Kisha akainama karibu na Clovis.

"Alikuuliza neno?"

"Aliuliza kumbukumbu ni ya nani."

"Ukamujibu nini?"

"Ni ya sisi wote."

Mzee akafumba macho. "Mwanangu, adabu yako imekuponza. Ulimugawia nyumba nzima. Ameanza na mudogo kwa sababu mudogo iko laini. Kiisha atakuja kwa mama."

"Tuivunje?"

"Ukiivunja anakwenda na alivyokula. Ukiiongezea, unamupanulia chumba. Na ukinunua ingine, hii atabaki nayo, na mutoto ndani."

"Sasa tufanye nini, Mwalimu?" Emilienne aliuliza kwa sauti ya chini.

"Aliyesema ni ya wote anaweza kusema ni ya mumoja." Mzee hakumtazama mama, alimtazama Clovis. "Lakini anayesema hivyo, yeye ndiye atalipa deni la wote."

"Nitasema miye!"

"Hapana, mama. Hakukuuliza weye."

Clovis alimgeukia binti yake. Aimée alikuwa ameketi uani, anageuza jiwe mkononi, hajui linaitwaje. Niwaambie kweli, mimi nilishamkasirikia sana huyu Clovis, lakini pale alinimaliza. Alimshika mkewe mkono.

"Placide alikuwa na haki," akasema. "Nunua ingine. Na unisamehe, Mama Aimée."

Akafungua mashine. Jua lilikuwa juu ya vichwa, kuku wamejificha chini ya ghala, hakuna upepo, na harufu ya udongo wa shimo ilipanda mpaka Emilienne akaziba pua, na kioo cheusi kikaonyesha uso wa Clovis, kisha uso wa Clovis ukaacha kumfuata Clovis, ukatulia, ukamtazama, ukangoja, naye huku meno yanagongana na mkojo unamtiririka miguuni alisema ni yangu, ni yangu miye Clovis, yangu peke yangu, hawa hawana fungu humu, na alivyokuwa anasema maneno yalizidi kumpungukia, akarudia yangu, akarudia yangu, mpaka ikabaki midomo tu inacheza.

Mashine ikapata moto. Ikatoa moshi, vibonye vikayeyuka, ikafa kabisa mashine ile.

"Mama," Aimée akaita kutoka uani. "Nina njaa."

Emilienne alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Aliimbishwa wimbo wa kuku, akauimba wote. Akaulizwa jina la shangazi, la mwalimu wa shule, la mbuzi wa jirani, akajibu yote huku anacheka. Clovis alikaa kwenye mkeka, anatazama mikono yake. Alipoitwa jina hakugeuka.

Walirudi Kasongo. Emilienne alinunua mashine mpya kwa msaada wa ndugu, Placide akamsaidia, na chumba kikafunguliwa. Kila asubuhi Aimée alimkalisha baba yake kwenye benchi kabla ya kwenda shule. "Weye ni Papa. Miye ni Aimée. Yule ni Mama." Clovis aliitikia kwa utii, na jioni akauliza upya.

Hata siku moja ya soko, Emilienne anafua, akasikia mumewe anapiga kelele kwa furaha.

"Nimekumbuka! Mama, nimekumbuka!"

Emilienne aliacha nguo majini, akakimbia, akapiga magoti mbele yake. "Sema, Papa Aimée! Sema!"

"Watoto wangu!" Clovis alikuwa analia. "Régina, na Jean-Paul, na ule mudogo anayenyonya. Niliwaacha Lusangi. Bibi yangu, mama yao, atasema nimekufa shimoni kwenye dhahabu."

Alishaanza kuvaa viatu, yeye ambaye hakuwahi kuzaa ila Aimée, wala kushuka shimo la dhahabu. Alimshukuru kwa chakula, kwa kumlaza bila kumjua, akamwombea baraka. Emilienne alimshika shati kwa mikono miwili, akasema kwako ni hapa, kwako ni hapa, mpaka sauti ikamkauka.

Clovis alimwachisha kidole kimoja kimoja, taratibu, kwa huruma.

"Pole, mama," akamwambia. "Bwana wako naye atarudi tu."