Maziwa Ndani ya Damu

"Samli imeibwa," sauti ilisema kwenye simu.

"Paka yuko wapi?"

"Bado yumo jikoni. Milango yote tumeifunga."

Ganzi akakata simu.

Hilo ndilo jina alilopewa kazini, na lilimkaa kama soksi. Tangu amzike mkewe, moyo wake ulisukuma damu tu. Kazi nyingine zote uliacha bila hata barua.

Akachomeka bastola yake ya Glock kiunoni, akaifunika kwa koti jeupe, akaingia jikoni kwenyewe, yaani kliniki ya utafiti, kwa mlango wa nyuma. Asubuhi hiyo alikuwa msaidizi wa maabara.

Daktari alimpokea mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi aliyeyatoa maisha yake kuchunguza lehemu, yale mafuta yanayoganda kwenye mishipa kama uji uliosahaulika. Baba yake aliangushwa na moyo. Kaka zake wawili wakafuata. Sasa mdogo wake wa mwisho alilala wodini, ghorofa ya juu, akisubiri sindano.

"Kichupa cha dawa kilikuwa kimoja tu," alisema. "Kikipata joto kimeharibika. Kutengeneza kingine ni miezi, na mdogo wangu hana miezi. Wapekue wote!"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Mwizi akishtuka atakivunja. Waliomtuma wanauza vidonge vya zamani. Kwao ni heri dawa yako ife."

Ganzi alichungulia ukumbini. Wagonjwa wa kujitolea walikaa kwenye mabenchi, matumbo yakinguruma, kila mmoja na chupa yake ya chai miguuni. Desturi yao ilikuwa moja: kwanza damu, kisha kifungua kinywa.

Chupa inayotunza moto hutunza na baridi. Mwizi hakuwa mjinga.

"Toa damu kama kawaida," Ganzi alisema. "Mwizi hajui kwamba hapa watu huja na njaa."

Damu ikatolewa. Mashine ikaizungusha mpaka ikajitenga: wekundu chini, maji ya manjano juu, safi kama chai ya mgonjwa.

Isipokuwa mirija miwili. Maji yake ya juu yalikuwa meupe kama maziwa.

"Hawa wamekula mafuta," Daktari alinong'ona, akasoma lebo na kumwonyesha wenyewe kwa mbali.

Ganzi akatoka na mirija mkononi, uso mkavu.

"Nani amekula?"

Bibi mmoja mwenye fimbo akanyoosha mkono bila haya. "Mimi, mwanangu. Mayai mawili ya kukaanga. La tatu likanikonyeza, nikalionea huruma."

Ukumbi ukacheka.

"Na wewe, kaka mwenye kofia?"

"Mimi? Haki ya Mungu, hata mate sijameza!"

Kicheko kikakatika.

Bibi akamgeukia mwenye kofia, akampima toka viatu hadi ukosi. "We! Humu nani anaapa kwa ajili ya yai? Tukila tunasema, Daktari anatugombeza, tunarudi kesho. Wewe umetoka wapi?"

Mtu yule aliruka.

Mkono wa kulia, bastola. Wa kushoto, chupa ya chai, imeinuliwa juu tayari kupigizwa sakafuni.

Ganzi hakugusa Glock. Alimrushia mirija usoni. Jamaa akafumba macho, na kufumba kwake kulimgharimu. Kiwiko kikamwingia kooni. Risasi ikatoboa dari. Chupa ikaanguka.

Ganzi akaidaka kwa mguu, ikateleza juu ya kiatu, akaishika.

Ndani, kwenye barafu, kichupa kilikuwa kizima.

Daktari alikipokea akapanda ngazi mbio, viatu akaviacha chini. Ganzi alimfuata baada ya kumfunga mwizi pingu. Kupitia kioo cha wodi aliona sindano ikiingia, na kijana kitandani akimtania dada yake: "Mbona miguu mitupu? Umekuja kunizika?"

Daktari alicheka, akalia, akatoka nje. Akamshika Ganzi kifundo cha mkono kwa mazoea ya kazi, akahesabu.

"Umetoka kukoswa risasi, na mapigo yako ni ya mtu aliyelala. Hukushtuka?"

"Nilishashtuka mara moja, mama. Ikatosha."

Chini, askari walikuwa wanamburuta mwizi. Bibi alimimina chai, akamsogezea Ganzi kikombe.

Akanywa akiwa amesimama, mpaka tone la mwisho.

"Sukari imekolea?"

Ganzi alifikiri kidogo.

"Sijui, bibi."

Akarudisha kikombe, akafunga kifungo cha koti, akatoka juani.