Mbuzi Aliyeliwa Bungulu

Jumamosi ile soko kuu la Butembo lilifurika hadi barabarani. Muyisa alisimama mbele ya kibanda wanapotia nyimbo na filamu kwenye kadi za simu. Alikuwa amekuja kugombana, maana filamu yake ya kwanza iliuzwa pale kila siku na yeye hakupata kitu. Kabla hajafungua kinywa, dada mmoja aliyejifunga kitambaa cha rangi ya machungwa, sindano tatu zimechomekwa kwenye kola ya blauzi, aliinama juu ya meza akaiomba filamu hiyohiyo.

"Ile ya mama mwenye alirudia ku kilio yake mwenyewe," alisema. "Lakini mwisho yake ni mubaya. Mwenye aliifanya, sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi."

"Batterie ilikwisha," Muyisa akajibu. "Ni miye niliifanya."

Dada yule alimtazama kutoka viatu hadi nywele. "Basi uko na deni yangu ya mwisho moja."

Aliitwa Jemima, mshonaji. Tangu siku hiyo alimpigia simu kila jioni akimwita Monsieur Batterie, akimuuliza kama leo amechaji, na Muyisa alizoea kula huku anacheka peke yake chumbani.

Kwa miaka mitatu Muyisa alikuwa na hadithi katika daftari, ya binti anayeozwa kwa mtu asiyempenda. Alizunguka kwa wafanyabiashara wote. Kila mmoja alimuuliza filamu ni bidhaa gani, na itawekwa katika depo gani. Mwisho Lusenge, muuza mabati aliyefiwa na mke, akakubali kugharimia yote kwa sharti moja: bwana harusi awe yeye. Bibi harusi akawa Jemima, kwa sababu alikubali kuigiza bure, na kwa sababu Muyisa alipenda kumtazama.

Walikwenda kupiga picha Beni, mtaa wa Bungulu, nyumbani kwa Mzee Mathe, baba mdogo wa Jemima aliyemlea. Muyisa alitaka ukweli. Badala ya kutafuta mwigizaji, alimwomba mzee mwenyewe apokee mahari. Lusenge akaleta mbuzi kumi na wawili, wazima, wenye kelele. Jemima, katika kitenge kipya cha bluu, alipiga magoti akalia. Wingu likapita. Muyisa akasema, "Encore." Jemima akalia tena.

Kazi ilipokwisha, Mzee Mathe aliona aibu kuwaacha wageni waondoke na njaa. Akachinja mbuzi mmoja kati ya wale kumi na wawili. Wote wakala. Muyisa alikula mbavu, akamsifu mpishi.

Wiki mbili baadaye Lusenge alirudi Bungulu bila kamera, amevaa koti la kanisani, pamoja na wazee wake. Kwa wazee wa ukoo wa Mathe, mbuzi wa mahari akiliwa, neno limekubaliwa. Jemima alipiga simu kutoka nyuma ya nyumba.

"Ilikuwa filme, chérie," Muyisa alisema. "Kila mutu anajua."

"Nyama nayo ilikuwa filme?"

Jemima hakumngoja.

"Na wewe ulikula, Muyisa. Mbele yangu. Nililia, ukasema encore."

"Jua ilikuwa imejificha."

"Basi bakia na jua yako."

Jemima aliamini kwamba Muyisa alijua tangu mwanzo. Kwamba Lusenge alilipia filamu na mke kwa pamoja. Akabaki Beni. Simu ya Muyisa haikuita tena.

Muyisa alijifungia na kazi ya kuunganisha picha. Mara arobaini kwa siku Jemima alimwambia, kutoka kwenye mashine, maneno aliyomwandikia yeye mwenyewe. Wakati mwingine alimjibu. Alinunua mikate miwili, mmoja ukakauka mezani. Siku moja aliisimamisha picha ya kwanza ya machozi, ile aliyoikataa. Jemima hakumtazama Lusenge wala mzee. Alitazama moja kwa moja kwenye kamera, yaani alimtazama yeye, naye wakati ule alitazama wingu.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Lusenge. Hakuwa mtu mbaya. Alisema nyumba yake ina viti sita na yeye hukalia kimoja. Angeliondoa neno lake la posa, lakini filamu iwe yake yote: jina, ukumbi, kadi. Muyisa akatia sahihi nyuma ya karatasi ya hesabu ya mabati. Kisha akanunua mbuzi wa kumlipa yule aliyeliwa, akampeleka Bungulu ili mzee awarudishe wakiwa kumi na wawili. Jemima hakutoka. Nyuma ya pazia cherehani iliendelea kulia, haikusimama hata mara moja.

Jumapili moja alasiri filamu ilionyeshwa Butembo. Jina la Lusenge lilijaza skrini. Penye machozi, ukumbi mzima ulilia. Muyisa akatoka nje, akasimama juani. Simu ikaita.

"Niko naangalia filme ku telefone ya Jessica, jirani," alisema Jemima. Kadi zilikuwa zimefika Beni tangu asubuhi, kabla ya onyesho la kwanza. "Nimefika mpaka mwisho. Jina yako iko wapi?"

"Haiko."

"Ulimupatia?"

"Njo vile alitaka, juu ya kuacha maneno ya mbuzi."

Kwenye simu pikipiki ilisikika ikipita upande wa Beni, ikapotea.

"Siku ile ulikuwa unaniangalia miye," Muyisa alisema. "Niliona kisha, ku machine."

"Ulichelewa."

"Nilichelewa."

"Sasa hapo uko na nani?"

"Salle imejaa mpaka ku mulango."

"Nimeuliza wewe."

"Niko peke yangu."

Jemima alishusha sauti. "Baba mudogo iko nyumbani wiki yote. Kuya na bakubwa yako."

Ndani watu walikuwa wanapiga makofi. Muyisa hakugeuka. Alikuwa tayari anatafuta namba ya kaka wa baba yake, ampelekee posa Bungulu.