Kumloweka Bwana Usijali

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kula, Sindano alikuwa na kazi moja isiyomsubiri mtu: kuloweka vitambaa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na fundi yule alikuwa na mwiko wake. Hakati kitambaa cha mteja, hata kama mteja ni shoga yake wa chanda na pete, mpaka pembe yake imelowekwa ndani ya beseni, kisha ikakamuliwa juu ya kitambaa cheupe. Cheupe kikibaki cheupe, mkasi unafanya kazi. Kikipata doa, kitambaa kinarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe akinuna, na anune.

"Dukani kila kitambaa kina adabu," mama alizoea kusema. "Tabia yake utaijua kwenye maji."

Jina la Sindano alipewa na bibi yake aliyekuwa akiishi nao. "Ni mwembamba," bibi alikuwa akiwaeleza wageni, "halafu maswali yake yanachoma." Sindano hakukasirika. Bibi alimwita pia mke mwenza, na mtu atamkasirikiaje mke mwenzake?

Siku zile, lakini, utani ulipungua nyumbani. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, na mwenye nyumba, mtu mwema kabisa, alikuja kuwaambia kwa haya kwamba mwanawe anaoa na hana pa kumweka mkewe. Akawaomba wahame mwezi ukiisha. Baba alikuwa dereva wa malori, na wakati huo alikuwa safarini mbali. Mzigo wote ukamwangukia mama. Akawa anafunga cherehani mapema na kwenda kutafuta nyumba. Moja ilikuwa na ngazi ndefu, na bibi magoti yake yalishastaafu zamani. Nyingine ilikuwa na giza hata huwezi kutunga uzi mchana. Mwezi ukawa unayoyoma. Mama akakosa usingizi, na siku moja akashona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Sindano alipoona lile shati, alijua kwamba mama yake ana hofu kuliko anavyosema.

Ndipo akaja yule bwana. Alileta suruali ikatwe urefu. Shati lake lilikuwa limenyooka, na shingoni alivaa kitambulisho chenye picha na muhuri. Kusikia tu mama akimweleza bibi habari za nyumba, akaingilia kwa upole.

"Mama, Mungu hamtupi mja wake. Mimi ni dalali wa nyumba. Ninayo moja, ukiiona utasema ilijengwa kwa ajili yako. Watu wananiita Bwana Usijali."

"Jina zuri," alisema bibi. "Mimi nimejali miaka sabini, nimechoka."

Wote wakacheka. Alikuwa mcheshi, yule bwana, na maneno yake yalikuwa na sukari. Kesho yake, kwa kuwa ilikuwa likizo, Sindano alifuatana na mama kwenda kuiona hiyo nyumba. Bwana Usijali aliwapokea mlangoni, akatoa ufunguo mfukoni, akafungua.

Lo! Ilikuwa nyumba kweli. Haikuwa na ngazi hata moja. Bomba lilikuwa ndani. Kuta zilikuwa za manjano hafifu, bado zikinukia rangi mpya, na chumba cha mbele kilikuwa na dirisha pana lililoingiza mwanga mpaka kona ya mwisho. Mama akasimama katikati ya mwanga ule, akakunjua mikono kama mtu aliyeshika kitambaa. "Cherehani hapa," alisema taratibu. "Meza ya kukatia pale. Bibi yako akae karibu na mlango, aone watu wanaopita." Machozi yakamlengalenga. Sindano alikuwa hajamwona mama yake akitabasamu hivyo tangu mwezi uanze, naye moyo wake ukajaa furaha.

"Shikamoo, mjomba," alisema, maana hakuwa amepata nafasi ya kumwamkia yule bwana.

"Marahaba, binti."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Yuko ng'ambo. Mimi ndiye mkono wake wa kulia. Usijali."

Sindano akautazama huo mkono. "Mjomba, mbona kucha zako zina rangi ya ukuta?"

Bwana Usijali akatia mikono mifukoni haraka. "Aa, nimegusa ukuta. Rangi bado mbichi."

Sindano akaweka kiganja ukutani. Kikatoka kikavu, hakina hata chembe. Akafungua mdomo kuuliza tena, lakini mama akamkata jicho.

"Sindano! Mtoto gani wewe unamhoji mtu mzima kama polisi? Mwenye adabu haulizi hivyo."

Yalimuuma sana Sindano maneno yale, hasa kwa kuwa yalisemwa mbele ya mgeni. Bwana Usijali akacheka, akasema watoto ndivyo walivyo. Kisha akapunguza sauti. Kuna mteja mwingine anaitaka nyumba hiyo, alisema, na huyo ana pesa mkononi. Mama akilipa kodi ya miezi sita jioni ile, ufunguo ni wake.

Waliporudi nyumbani, mama alishusha kopo la vifungo kutoka juu ya kabati. Chini ya vifungo ndiko ilikokaa akiba yao yote. Hapakuwa na nyingine. Akaitoa, akaifunga kwenye leso, akaiweka mapajani na kuketi kusubiri jioni.

Sindano alikuwa uani na beseni lake. Mteja mmoja alikuwa ameleta kitambaa chekundu, chekundu cha kung'aa, wenyewe wanaita cha kuvunja shingo. Akatumbukiza pembe. Maji yakabadilika pale pale, yakawa kama mtu kachinja kuku ndani yake. Akalibeba beseni mpaka mbele ya mama.

"Mama, hiki kinachuja."

"Kirudishe."

"Lakini mwenyewe amesema ana haraka. Anataka leo leo."

"Haraka yake itaizuia rangi kuchuja? Kirudishe."

Sindano akasimama palepale na beseni lake. Alikuwa anaogopa kukaripiwa tena, lakini swali halikumwacha. Akalitoa.

"Na Bwana Usijali, mama? Yeye tumemloweka wapi?"

Mama aliinua uso kwa hasira. Kisha macho yake yakaanguka kwenye yale maji mekundu, yakakaa hapo. Mkekani, bibi akajikohoza.

"Sindano imechoma," alisema.

"Mimi nimemwita dalali," mama alisema polepole, "kwa sababu yeye mwenyewe kajiita dalali. Kitambaa cha shati moja nakiloweka. Nyumba ya familia nzima nailipia kwa kuamini maneno." Akaifungua leso, akairudisha akiba chini ya vifungo.

Bwana Usijali alifika jua halijazama, uso wote tabasamu. Mama alimkaribisha kiti kwa heshima.

"Ndugu yangu, nyumba nimeipenda. Kabla ya kulipa, naomba nione leseni yako ya udalali. Na naomba niongee na mwenye nyumba mwenyewe, hata kwa simu."

"Leseni?" Akacheka, akainua kitambulisho cha shingoni. "Hii hapa, ina muhuri na namba. Mama, mtaa mzima unanijua!"

"Mtaa upi?" aliuliza bibi.

Mama akachukua chaki yake ya kukatia, akainakili ile namba kwenye kipande cha kitambaa. "Kesho asubuhi nitaipeleka manispaa, ofisi ya leseni. Wakisema sawa, nitakulipa hapo hapo."

"Kesho? Kesho nyumba imekwenda, mama! Usije ukanilaumu."

Mama alitupa jicho kwenye kopo la vifungo. Sindano aliona. Alijua mama analiona lile dirisha, na ule mwanga. "Kama itakwenda," mama alisema, "basi na iende." Yule bwana akaondoka bila kuaga, na kwa mara ya kwanza hakusema usijali.

Jioni ile Sindano alikula kidogo sana. Je, kama yule bwana ni dalali wa kweli? Je, kama wamekosa nyumba kwa sababu ya mdomo wake? Bibi alimwona, akamvuta karibu. "Kuuliza si ujinga, mke mwenza. Kula."

Asubuhi walikuwa wa kwanza kwenye dirisha la leseni. Karani, kijana mwenye miwani, alisoma namba kwenye kile kitambaa, akaitafuta kwenye kompyuta, akakunja uso, akaitafuta tena.

"Mama, mtu huyu alikuwa anakuuzia nini?"

"Ananipangishia nyumba. Ni dalali."

"Namba hii ni ya kinyozi."

"Ya nani?"

"Kinyozi. Ana kibanda nyuma ya soko." Karani akajaribu kuzuia kicheko, akashindwa. "Samahani, mama. Lakini huyo bwana angewanyoa, tena bila maji."

Mama naye akacheka huku machozi yanamtoka, mpaka Sindano hakujua ni kicheko au kilio. Akamkumbatia binti yake mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Karani hakuishia kwenye kicheko. Alipiga simu polisi, na muda si muda Sindano na mama walikuwa wakiongozana na askari wawili kwenda kwenye ile nyumba ya manjano. Mlango ulikuwa wazi. Ndani alikuwa Bwana Usijali, na mbele yake kijana mmoja na mkewe mjamzito. Kijana alikuwa tayari amenyoosha bahasha ya pesa.

"Usitoe!" Sindano alipiga kelele, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze.

Jirani aliyesikia zile kelele alimpigia simu mwenye nyumba ile. Hakuwa ng'ambo. Aliishi ng'ambo ya barabara kuu tu, na alifika akihema. Nyumba hakuwa anaipangisha, alisema, anahamia mwenyewe. Huyu bwana ni fundi rangi aliyempa ufunguo ili apake kuta.

Basi njia ya mwongo ni fupi. Bwana Usijali akainamisha kichwa. Mikono ilikuwa imetoka mifukoni, na rangi ya manjano ilionekana kwenye kila ukucha.

"Shida, bwana mkubwa," alisema kwa sauti ndogo. "Kazi ya rangi inakuja na kupotea."

"Kazi nilikupa," mwenye nyumba alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomfanya fundi azidi kuinama. "Tena umeifanya vizuri. Nilikuwa nimeshaanza kuwaambia majirani jina lako."

Mama alimtazama yule mtu akiongozwa na askari, akatikisa kichwa. "Ana mikono ya kazi, maskini," alisema. Sindano naye alimwonea huruma, ingawa hakusahau leso ya akiba mapajani mwa mama.

Karani ndiye aliyewaelekeza kwa dalali mwenye leseni, mwanamke mnene mwenye ofisi ndogo karibu na posta. Kabla hata hajamaliza kuwakaribisha, mama alimwambia, "Dada, usinielewe vibaya, lakini na wewe nitakuloweka kwanza."

Alipoelezwa maana yake, yule dalali alicheka mpaka kiti kikalia. "Niloweke, dada! Mimi sichuji." Akatoa leseni yake bila kinyongo, mama akaenda kuihakikisha manispaa, akarudi. Wakaonyeshwa nyumba, kisha wakapelekwa kwa mwenye nyumba mwenyewe, wakakaa naye, wakazungumza naye. Sindano aliusoma mkataba kwa sauti kutoka mwanzo mpaka mwisho, na bibi akataka sehemu ya ukarabati irudiwe. Ndipo mama akalipa, akapewa risiti.

Dirisha la nyumba ile lilikuwa dogo kuliko lile la kwanza, na geti lililia kila lilipofunguliwa. Lakini nyumba haikuwa na ngazi hata moja ya kumtesa bibi, na mwanga wa asubuhi uliifikia cherehani vizuri. Mwezi ulipoisha, wao walikuwa kwao.

Siku ya kwanza ya kazi, mama alimwita Sindano akae karibu naye.

"Mwanangu, nilikunyamazisha mbele ya mgeni. Nilikosea, unisamehe. Nilidhani adabu ni kutomuuliza mtu mzima. Heshima mpe kila mtu, msalimie, mpe kiti. Lakini pesa usimpe mpaka umeuliza yeye ni nani, kibali chake kimetoka wapi, na mali ni ya nani, tena ukaulize mwenyewe kwa wanaotoa hicho kibali. Mtu mkweli hakasiriki akiulizwa. Anayekuharakisha ndiye wa kumchelewesha."

"Kwa hiyo niendelee kuuliza?"

"Uliza mpaka nikuchoke."

Karibu na mlango, bibi alikuwa akitazama wapita njia. Akageuka, akamkonyeza mke mwenzake.

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye," alisema. "Mimi namshukuru Mungu. Mjukuu wangu amewahi."