Paneli za Wodi ya Wazazi

Lori lilikata kona bila kupunguza mwendo, na Sindano, jasusi wa Kituo, akalifuata.

Pikipiki yake, Yamaha nyeusi, iliserereka kwenye kokoto, ikayumba, ikakaa sawa. Jua lilikuwa la utosi. Lori likaingia ndani ya bohari na geti likaanza kujifunga.

Alilala juu ya tangi, akapenya.

"Sindano kwa Kituo. Nimeingia."

"Usimuue," alijibu Mkuu wake redioni. "Namtaka akiwa anaongea."

Dereva alitimua mbio, na aende zake, huyo alikuwa kibarua tu. Mwenye mzigo ndiye aliyeshuka upande wa pili, bwana mmoja mnene wa suti ya bei, ambaye wenzake walimwita Marashi. Alichomoa bastola. Sindano akawahi na Glock yake, lakini hakumlenga yeye. Alipiga taa iliyoning'inia juu ya kichwa chake. Vioo vikamwagika, Marashi akajifunika uso, na alipofungua macho alikuwa kifudifudi sakafuni, amefungwa pingu.

Lori lilijaa paneli za ukutani, kila moja na nembo ya jani la kijani.

Paneli halisi za nembo ile hutengenezwa kwa nyuzi za mimea. Hazishiki moto, na huzuia joto mpaka jengo linasahau viyoyozi. Bei yake mwanzoni inauma, ila umeme unaookolewa huirudisha yote miaka inavyokwenda. Ndiyo maana mabenki yalikuwa yameanza kuwakopesha kwa riba nafuu wanaozijengea. Wezi nao wakanusa.

Sindano alikata kona ya paneli moja, akaiwashia kiberiti. Ilishika papo hapo, ikadondosha matone meusi yaliyoendelea kuwaka sakafuni. Ndani mlikuwa na sponji kuukuu na gundi, basi.

Akamwuliza Marashi mzigo wa kwanza ulikwenda wapi. Marashi akacheka, akasema ulishapachikwa zamani, kwenye wodi mpya ya wazazi, ile ambayo kina mama walikuwa wamehamia juzijuzi.

"Na mhandisi wao anajua," akaongeza. "Alinipigia simu analia. Nikamwambia anyamaze. Akanyamaza."

Sindano hakuuliza mhandisi ni nani. Alimjua: alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, akamsuka nywele kwa mikono yake, vibaya mno, mpaka shule nzima ikawa inamcheka.

Roho ilimwuma. Nalisema wazi, maana wapo watakaowaambia kwamba majasusi hawana roho. Wanazo, tena zinauma kama zenu.

Mkuu aliposikia, akauliza kama amtume mtu mwingine. Sindano akasema hapana.

Hospitalini alipita kwenye korido na kamera ya joto, kidude cha kutosha kiganjani. Kwenye kioo chake kuta ziliwaka nyekundu, joto la nje likiingia kama hakuna kizuizi. Ukuta mmoja tu, wa mashariki, ulionekana buluu. Huo ulikuwa na paneli halisi.

Mbele ya ukuta huo alimkuta kaka yake amepiga magoti, bisibisi mkononi.

"Umekuja peke yako, mdogo wangu?"

"Peke yangu, kaka."

Akamweleza yote bila kuulizwa. Muuzaji alileta sampuli, yeye akaichoma, ikakataa kuwaka, akasaini kupokea mzigo mzima. Ndivyo walivyozoea wote katika kazi ile, kupima alicholeta muuzaji, badala ya kutia mkono kwenye mzigo na kujichagulia. Kuta zilipokwisha kufungwa, cheche ya fundi bomba aliyekuwa akichomelea ikarukia kipande kilichobaki, naye akaona kilivyowaka. Tangu siku hiyo alikuwa akinunua paneli halisi kwa mshahara wake, akizibadilisha moja moja na kujifanya anakagua.

"Kwa nini hukusema?"

"Nimezeeka nikizunguka mabenki, nawaomba waamini kwamba jengo lisiloharibu mazingira linalipa. Walinicheka wee. Ndiyo kwanza wameamini. Wakisikia hili, nani atakopeshwa tena?"

"Na hawa kina mama?"

Kaka yake aliingiza bisibisi kwenye skrubu nyingine.

Akamwomba awatoe watu, ila aseme bomba limepasuka. Apewe muda tu, atamaliza kuta zote.

"Sijawahi kukuomba kitu, mdogo wangu."

Ilikuwa kweli, na Sindano alitamani kukubali. Alitamani sana. Lakini pale mkabala nesi alikuwa anachomeka birika la umeme kwenye ukuta mwekundu, mtoto mchanga begani, akimwimbia. Sindano akaenda, akachomoa waya, akamwomba radhi nesi.

Kisha akabonyeza redio.

"Kituo, hamisheni wodi yote. Paneli ni bandia, zinashika moto. Tangazeni kwa kila jengo lililochukua mzigo huu."

"Na mhandisi?"

"Ninaye."

Kaka yake alifuta macho kwa kiwiko. "Waambie ukuta wa mashariki ni salama," alisema. "Watoto njiti walio kwenye mashine wakae upande huo mpaka magari yafike."

Sindano akawaambia. Kaka yake akasaidia kusukuma vitanda mpaka cha mwisho, halafu akaja mwenyewe, akanyoosha mikono. Sindano alimfunga pingu kwa mbele, na hakuzikaza.

Askari walipomchukua kaka yake, Mkuu alimpongeza Sindano redioni. Genge lote la Marashi lilikuwa limekamatwa na kontena jingine limezuiwa bandarini, kazi safi kabisa. Sindano akashukuru, akavaa helmeti, akaondoka taratibu kama mtu anayetoka dukani.

Hakwenda ofisini. Alikwenda nyumbani kwa kaka yake, akabisha hodi.

"Karibu, wifi," mke wa kaka yake aliitikia kutoka jikoni. "Huyu kaka yako leo simu haipokei. Umemwona?"

"Nimemwona," alisema Sindano, akaingia, akafunga mlango.