Alama za Vidole vya Shemeji

Fimbo ya kwanza ilinipata begani, ya pili mdomoni. Jino likatoka.

"Dada yetu ni ng'ombe wako, Mabula?" alifoka Yonathani, kaka mkubwa wa mke wangu. "Mapaja meusi, mgongo mweusi! Ninyi wafugaji mmezoea kuchapa!"

"Simpigi! Anaumwa!"

"Ugonjwa gani unapiga watu ngumi?"

Ningemjibu, lakini mke wangu Ikupa alikuwa ameniapisha. Daktari wa Mbeya alisema ni saratani ya damu, ile ya nadra inayokwenda mbio, kiasi kwamba hata akiguswa tu anavilia damu. Ikupa akanisihi mama yake asijue mpaka kitanda cha hospitali Dar kipatikane. Na mimi, mjinga nisiye na mfano, nikakubali! Yonathani na ndugu zake wakamkokota mke wangu hadi kwao, nje kidogo ya Mlowo.

Mchana ule ule simu ikaita, daktari wa Mbeya.

"Mabula, kitanda kimepatikana. Mlete hapa Mbeya leo leo. Na asichanjwe popote, damu yake haigandi."

Sijakaa sawa, ujumbe ukaingia: "Mume wangu njoo. Shangazi Nesta ameleta wembe na pembe. Wanasema damu iliyovilia kwa kipigo chako lazima inyonywe."

Nilipiga pikipiki moto. Mlango nikaufungua kwa teke. Shangazi alikuwa ameshamchanja mgongoni mara moja, na kanga yote ilikuwa imelowa damu.

Yonathani akanirukia. Tukaangushana hadi jikoni, nikamng'ata mkono, akanikaba koo.

"Niue!" nilikoroma. "Ila tazama kwanza! Jino umening'oa asubuhi, damu imekata. Kachale kale mbona damu yake haikati? Ana saratani ya damu! Mkimchanja tena mtamzika!"

"Mwongo mkubwa!"

"Ni kweli, kaka," Ikupa alisema kwa shida. "Mimi ndiye niliyemkataza asiwaambie."

Shangazi Nesta akaangusha wembe, akapiga yowe. Yonathani akaniachia, akambeba dada yake mikononi hadi kwenye gari la jirani.

Tukiwa njiani kwenda Mbeya, mkono wa Ikupa ukaanza kubadilika rangi. Alama nne za vidole zikatokeza, nyeusi.

"Shemeji, sikumbana!" Yonathani alihamaki. "Haki ya Mungu, nimembeba tu!"

"Hata mimi nilikuwa nambeba tu."

Akalia kwa sauti, jitu zima.

Dar ilitutesa jamani. Dawa zilimaliza nywele zake zote, homa nusura imchukue, damu ikaadimika. Yonathani akapanda basi na vijana wa ukoo, wakajipanga kutoa damu.

Mwaka uliofuata, 2014, tulirudi Mlowo. Yonathani alikuwa stendi anatusubiri, mikono ameificha nyuma.

"Kaka, hunipi mkono?"

"Naogopa, Ikupa."

Mke wangu akamvuta mkono, akaukandamiza kwa nguvu kwenye mkono wake mwembamba, kisha akauondoa.

"Tazama," akasema. "Hakuna alama."